Nani Atamlipa Mwalimu Baada ya Utepe Kukatwa?

Familia yenye mali ikijenga madarasa katika shule ya serikali, swali la kwanza tunalouliza ni kwamba wametoa kiasi gani. Bango hukitaja kiasi hicho, mgeni rasmi hukitaja, mwalimu mkuu hukirudia kwenye risala. Siku hizi tumeongeza la pili: watatusaidia kwa muda gani? Mwaka mmoja, mitano, au wamekuja kukaa? Maswali yote mawili ni halali, lakini yanazunguka jambo bila kuligusa. Mimi mfuko wa familia naupima kwa yale ambayo fedha zake zimeilazimisha serikali kuyafanya, na ambayo serikali inaendelea kuyafanya mfadhili akishaondoka. Mfuko uliotoa kidogo ukaiacha mamlaka ya umma na wajibu uliosainiwa umefanya kazi kubwa kuliko uliotoa mamilioni ukaiacha mamlaka hiyo imekunja mikono.

Mfano ninaoutegemea unatoka kusini mwa Marekani, kati ya mwaka 1912 na 1932. Nimeuchagua kwa sababu hesabu zake zilitunzwa hadi dola ya mwisho, na kwa sababu mkondo wa fikra uliouzaa ulifika hadi Kabete, nje kidogo ya Nairobi.

Julius Rosenwald alizaliwa mwaka 1862 Springfield, Illinois. Baba yake, Myahudi aliyehamia kutoka Ujerumani, alianza kwa uchuuzi akafikia kumiliki duka la nguo. Mtoto naye akaingia kwenye biashara ya nguo, kisha akawa mbia katika Sears, Roebuck and Company ya Chicago, kampuni iliyowauzia wakulima wa Marekani karibu kila kitu kwa katalogi na posta. Mwaka 1908 akawa rais wa kampuni hiyo. Mwaka 1911 alikutana na Booker T. Washington, mtu aliyezaliwa utumwani Virginia, akasoma katika chuo cha Hampton, na tangu 1881 alikuwa akikijenga chuo cha Tuskegee huko Alabama. Mwaka uliofuata Rosenwald akaingia kwenye bodi ya Tuskegee, na alipotimiza miaka 50, Agosti 1912, akatoa dola 25,000 kwa ajili ya shule zilizochipuka kutokana na chuo hicho. Zilipobaki dola 2,800, Washington aliomba azitumie kwa jambo jingine: kujenga shule sita ndogo za vijijini, jirani na Tuskegee, kwa ajili ya watoto weusi.

Watoto hao walikuwa wakisomea wapi? Wengi makanisani, au kwenye vibanda vya mbao vilivyovuja, kwa miezi michache ambayo pamba haikuhitaji mikono yao. Tangu mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imebariki utengano kwa sharti kwamba huduma ziwe sawa. Utengano ulitekelezwa kikamilifu, usawa haukutekelezwa kabisa. Wazazi weusi walilipa kodi kama wengine, lakini bodi za elimu za kaunti, ambazo wajumbe wake wote walikuwa weupe, zilimtengea mtoto mweupe fedha mara kadhaa zaidi ya mtoto mweusi. Watu weusi walikuwa wamenyang'anywa kura, kwa hiyo hapakuwa na diwani wala hakimu wa kumwendea.

Shule ya kwanza ilikamilika mwaka 1913 katika kijiji cha Loachapoka, kaunti ya Lee. Iligharimu dola 942 na senti 50. Rosenwald alitoa 300. Weupe wa hapo walichanga 360. Weusi walitoa 150 taslimu kununua ardhi, na kazi ya mikono yao ikathaminiwa kuwa dola 132 na nusu. Ukizijumlisha, hesabu imekamilika hadi senti ya mwisho, na katika orodha hiyo ya wachangiaji hazina ya umma haimo. Shule ya kwanza ya mpango uliokuja kuwa mkubwa kuliko yote ya aina yake ilijengwa bila kaunti kutoa hata senti moja ya ujenzi.

Sasa tazama hesabu za mwisho, mpango wa ujenzi ulipofungwa mwaka 1932. Shule 4,977, nyumba za walimu 217, karakana 163, katika kaunti 883 za majimbo 15. Gharama yote ilikuwa dola 28,408,520. Mfuko wa Rosenwald ulitoa 4,364,869. Wananchi weusi walitoa 4,725,871. Weupe walichanga 1,211,975. Fedha za kodi zilikuwa 18,105,805, karibu theluthi mbili ya gharama yote.

Mimi husimama kwenye tarakimu hizo kila mara ninaposikia mfuko fulani ukisifiwa kwa ukubwa wa mchango wake. Mchango wa Rosenwald ulikuwa asilimia 15 tu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzitoa mafichoni zile dola milioni 18, fedha ambazo kwa haki zilikuwa za watoto wale tangu mwanzo. Kaunti zilizokuwa zikisema hakuna bajeti ziligundua kwamba bajeti ipo.

Ilifanyika vipi? Kwa masharti, na masharti yenyewe yalikuwa makavu. Ardhi, isiyopungua eka mbili, ilipaswa kuandikishwa kwa jina la mamlaka ya umma ya elimu. Jengo likawa mali ya umma, sehemu ya mfumo wa shule za kaunti, na mwalimu wake akawa mzigo wa kaunti. Shule ilipaswa kufunguliwa angalau miezi mitano mfululizo kwa mwaka. Iwe na madawati, vyoo viwili vya kufaa, na ipakwe rangi mikono miwili ndani na nje. Fedha ya Mfuko haikuwa ya kuanzia ujenzi: ilitolewa pale tu michango mingine, ikichanganywa na ya Mfuko, ilipofikia kiasi cha kutosha kulimaliza jengo na kuliwekea samani. Wasimamizi walilipwa kuzunguka kaunti hadi kaunti kukagua, na wengi wa wale waliokuwa wakilala vijijini na kuhimiza michango walikuwa watu weusi wenyewe.

Sharti la rangi linaweza kuonekana dogo, lakini lilikuwa na maana kubwa. Katika kaunti ambazo shule ya weusi ilikuwa kibanda kisicho na dirisha, jengo lililopakwa rangi, lenye safu ya madirisha makubwa, lilimwambia kila apitaye barabarani kwamba hapa pana shule. Ramani za mwanzo zilichorwa Tuskegee chini ya Robert R. Taylor, msanifu majengo aliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu katika chuo cha MIT. Mwaka 1920 usimamizi ulihamia ofisi ya Nashville, ambako Samuel L. Smith alitoa ramani mpya zilizoeleza mpaka jengo lielekee upande gani. Vijijini hapakuwa na umeme, kwa hiyo madirisha yalipangwa kwa safu upande wa mashariki au magharibi, na madawati yakawekwa ili mwanga umwingie mtoto kutoka kushoto, kivuli cha mkono wa kulia kisifunike anachoandika. Kuta za katikati zilikunjwa, vyumba viwili vikawa ukumbi wa kijiji. Mtu aliyechora ramani hizo alikuwa amewafikiria watoto kwa dhati.

Washington mwenyewe hakuishi kuyaona mengi ya hayo. Alifariki Novemba 1915, wakati shule zilizojengwa zikiwa bado chache. Kwamba mpango ulikua baada yake ni ushahidi mwingine kwamba ulikuwa umefungwa kwenye taratibu, si kwenye heshima ya mtu mmoja.

Nimesema weusi walitoa zaidi ya Rosenwald. Hapo ndipo simulizi za ufadhili hupenda kuteleza haraka, nami sitaki kuteleza. Dola 4,725,871 zilitoka kwa watu ambao wengi wao walilima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno na wenye shamba na hawakushika fedha taslimu mpaka mavuno. Walikaanga samaki na kuku wakauza Jumamosi. Walitenga kipande cha shamba la pamba, wakakilima kwa pamoja, mauzo yake yakaenda shule. Wanawake wengi walioongoza michango hiyo walikuwa walimu waliolipwa kupitia mfuko mwingine, ule ulioanzishwa mwaka 1907 kwa mali ya Anna T. Jeanes wa Philadelphia.

Msimamizi mmoja aliacha taarifa ya mkutano wa Boligee, kaunti ya Greene, Alabama. Wadudu walikuwa wamekula pamba, watu hawana kitu, na bado walikuwa wameitana kuchangia shule. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mtumwa alisogea mezani na mfuko wa zamani uliojaa mafuta ya mikono. Akaufungua taratibu, akamimina akiba ya maisha yake yote: senti, nikeli, sarafu za kila aina. Zilipohesabiwa zilikuwa dola 38. Alitaka watoto wa wajukuu zake wapate nafasi ambayo yeye hakuipata.

Mzee yule alikuwa amefanya kazi bila ujira utumwani. Baada ya hapo akalipa kodi katika kaunti ambayo haikumjengea mtoto wake shule. Sasa akalipa tena. Tumeshangilia ukarimu wake kwa miaka mia moja, na anastahili, lakini dola 38 zile zilikuwa deni la kaunti ya Greene, na aliyelilipa ni mdai. Mpango wa Rosenwald ulikubali hali hiyo kama sharti la mchezo. Uliamini kwamba mwananchi akichanga ataithamini shule. Huenda ni kweli. Lakini hakuna kaunti iliyowaambia wazazi weupe wakaange samaki kwanza ndipo watoto wao wajengewe.

Na kuna jambo zito zaidi. Mfuko haukuugusa utengano wenyewe. Shule zilijengwa kwa ajili ya watoto weusi peke yao, katika mfumo ulioandikwa ili wabaki chini. Wako waliosema wakati ule, na wako wanaosema leo, kwamba jengo zuri ndani ya mfumo mbovu huufanya mfumo ukae kwa raha. Naielewa hoja hiyo na siwezi kuifuta. Ninachoweza kuweka mbele yake ni matokeo. Wachumi wa tawi la Chicago la Benki Kuu ya Marekani waliochambua takwimu za sensa waligundua kwamba shule hizi zilihudumia takriban asilimia 36 ya watoto weusi wa umri wa kwenda shule vijijini kusini. Mahudhurio yaliongezeka, kusoma na kuandika kukaongezeka, miaka ya masomo ikaongezeka, na faida ilikuwa kubwa zaidi katika kaunti zilizokuwa nyuma kabisa. Vijana waliosoma humo walihamia miji ya kaskazini kwa wingi zaidi. Mmoja wa watoto wa shule hizo, katika kaunti ya Pike, Alabama, alikuwa John Lewis, aliyekuja kupigwa na polisi kwenye daraja la Selma mwaka 1965 akidai haki ya kura, kisha akakaa katika Bunge la Marekani tangu 1987 hadi alipofariki mwaka 2020. Mwandishi Maya Angelou naye alisoma katika shule iliyojengwa kwa mpango huo, Stamps, Arkansas. Mfumo ulikaa kwa raha kwa muda tu. Watoto wake walipokua, waliuondoa.

Mwaka 1924 msafara ulifika Afrika Mashariki. Ulikuwa umetumwa na mfuko mwingine wa familia, Phelps-Stokes wa New York, ulioanzishwa mwaka 1911 kwa wosia wa Caroline Phelps Stokes. Kiongozi wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na ndani yake alikuwemo James Aggrey, Mwafrika kutoka Gold Coast, Ghana ya leo, aliyefundisha Marekani. Walipita Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar wakikagua elimu, na taarifa yao ikapendekeza kwamba Mwafrika afundishwe kwa namna ya Hampton na Tuskegee: kilimo, afya, ufundi, maisha ya kijiji. Mwaka 1925 Kabete ikapata Jeanes School, iliyobeba jina la yule mama wa Philadelphia, na fedha za mfuko wa Carnegie wa Marekani zikaisaidia. Ilifundisha walimu wa kuzungukia shule za vijijini, kama wale wanawake wa Alabama na Virginia. Eneo hilo leo ni la chuo cha serikali cha kufundishia watumishi wa umma.

Kwa maoni yangu, kilichovuka bahari ni nusu ya dawa, na nusu iliyobaki Alabama ndiyo iliyokuwa na nguvu. Mtaala ulikuja. Mwalimu wa kuzunguka alikuja. Lile sharti la kuibana mamlaka ya umma iandikishe jengo, ilipe mwalimu na ifungue shule miezi kadhaa, halikuja. Serikali ya kikoloni iliendelea kuwategemea wamisheni kwa sehemu kubwa, na Waafrika waliotaka zaidi walijichanga. Mabaraza ya Wenyeji yaliyoundwa Kenya katikati ya miaka ya 1920 yalitoza ada ya ziada juu ya kodi ya kichwa ili kupata shule. Ni hesabu ile ile ya Boligee, ila huku haikuwa na mfuko wa kuipiga jeki wala kaunti ya kuibana.

Mbiyu Koinange alikwenda Hampton, chuo kile kile alichosoma Booker T. Washington, mwaka 1927. Alirudi akaongoza chuo cha ualimu cha Githunguri kilichofunguliwa mwaka 1939 kwa michango ya wananchi na shule huru za Wakikuyu. Watu walitoa mbuzi, walitoa shilingi, walibeba mawe. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ilikifunga. Shule ya wananchi isiyo na mkono wa serikali ndani yake ilifungwa kwa amri moja. Hilo nalo ni somo kwa wale wanaodhani suluhisho ni kuikwepa serikali kabisa, kujenga pembeni na kuendesha pembeni.

Baada ya uhuru Kenya ikawa na harambee. Katika miaka ya 1970 sekondari za harambee zilikuwa nyingi kuliko za serikali, na matumaini ya kila kijiji yalikuwa kwamba wakishasimamisha jengo serikali italipokea na kuleta walimu. Baadhi zilipokelewa. Nyingine zilikaa miaka na walimu wasiosomea kazi, wazazi wakiendelea kulipa. Matumaini yale yalikuwa sahihi, tatizo ni kwamba yalibaki matumaini, hayakuandikwa mahali popote. Aliyejenga hakuwa na karatasi ya kumwonyesha ofisa elimu.

Kwetu Tanzania neno lake ni boma. Yeyote aliyeishi kijijini analijua: kuta za tofali zilizopandishwa kwa nguvu za wananchi hadi kwenye lenta, zikisubiri serikali ipaue. Mengine hupauliwa msimu huo huo. Mengine huota nyasi ndani, mvua mbili tatu zikapita, na tofali za juu zikaanza kumeguka. Sekondari za kata zilizojengwa kwa kasi kuanzia mwaka 2004 zilifungua milango kwa watoto ambao wasingeliona kidato cha kwanza, na hilo sitaruhusu mtu alibeze. Lakini zilifungua milango hiyo kabla ya walimu na maabara, na kwa miaka kadhaa matokeo yake yakawa mzaha wa mjini. Mzaha ule uliwapata watoto badala ya kuwapata waliopaswa kuleta mwalimu wa fizikia.

Katika mikutano ya wazazi niliyohudhuria, mfadhili akitajwa, ukumbi hubadilika. Watu hukaa vizuri. Mwenyekiti hupiga makofi kabla hajasikia masharti. Mara nyingi hakuna masharti: familia imejipatia uwezo, inalikumbuka darasa ambalo baba yao alikaa chini, inataka kurudisha. Hisia hiyo ni ya thamani na sitaki ipotee nchini. Ninachoomba ni kwamba isiishie kwenye bati na rangi. Vyumba vitatu vinajengwa, utepe unakatwa, halmashauri inaondoa vyumba vitatu kwenye bajeti yake ya mwaka unaofuata kwa sababu vimeshapatikana, na fedha iliyookolewa hakuna anayeuliza imekwenda wapi. Familia inaamini imeongeza, kumbe imebadilisha tu mlipaji. Dawa ya hilo ilijulikana Nashville mwaka 1920: fedha yangu inatoka siku ambayo na yako imeshawekwa mezani.

Tangu elimu bila ada ianze Tanzania mwaka 2016, wazazi wengi wameelewa, kwa haki kabisa, kwamba mzigo sasa ni wa serikali. Mfuko wa familia unaoingia katika mazingira hayo unapaswa kuulinda uelewa huo badala ya kuudhoofisha. Usianze kwa kumwomba mzazi mchango wa tofali ili kuthibitisha kwamba ana moyo. Ameshathibitisha kwa kodi anayolipa kila anaponunua sukari na kila anapotuma fedha kwa simu. Kama mchango lazima, uombwe halmashauri.

Kuhusu muda, Rosenwald alikuwa na msimamo ambao matajiri wengi wa leo wangeuona wa ajabu. Hakutaka mfuko wa milele. Mwaka 1929 aliandika katika jarida moja la Marekani kwamba mali ya sadaka ikifungiwa daima huishia kuhudumia shida ambazo hazipo tena na watumishi wa mfuko wenyewe. Akaagiza Mfuko wake utumie kila kitu, mtaji pamoja na faida, ndani ya miaka 25 baada ya kifo chake. Alifariki Januari 1932, hisa za Sears zikiwa zimeporomoka kwa mdororo, na Mfuko ukafungwa mwaka 1948, mapema kuliko alivyoagiza.

Wengi husifu msaada wa kudumu kwa familia kuwa ndio upeo wa wema. Mimi naona msaada wa muda mrefu ni mzuri pale tu unapokuwa na tarehe. Miaka 20 ya uwepo ni muda wa kutosha kumjua mkurugenzi wa halmashauri wa kwanza, wa pili na wa tano, na kumkumbusha kila mmoja alichosaini mwenzake. Mfuko wa mwaka mmoja hauwezi hilo. Lakini mfuko usio na mwisho huifundisha serikali kwamba shule ile ina mwenyewe, na ikiwa na mwenyewe, mgao wa vitabu utapelekwa kwingine.

Masharti ya Rosenwald yalikuwa na tundu moja, na lilionekana miongo mitatu baadaye. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ilibatilisha utengano wa shule. Haki ilikuwa imechelewa, na ilipofika, kaunti nyingi ziliitekeleza kwa kuzifunga shule za weusi na kuwahamishia watoto katika shule za weupe. Walimu wakuu weusi walipoteza kazi. Majengo yaliuzwa, yakageuzwa maghala, au yakaachwa yaoze. Kisheria hapakuwa na kizuizi, kwa kuwa hati ilikuwa ya kaunti. Wajukuu wa waliochanga hawakuwa na sauti juu ya ardhi waliyoinunua babu zao. Katika sehemu kadhaa wahitimu walilazimika kujichanga tena kulinunua jengo ambalo familia zao zilikwisha kulilipia, na hiyo ikawa mara ya tatu kulilipa. Mwaka 2002 shule hizi ziliingizwa kwenye orodha ya urithi wa Marekani ulio hatarini zaidi kutoweka, na zilizobaki zimesimama ni sehemu ndogo ya zile 4,977.

Kwa hiyo nikiletewa leo rasimu ya makubaliano kati ya familia na halmashauri kwa ajili ya shule yoyote ya msingi, nitaanza kusoma kutoka nyuma. Nitatafuta tarehe ya familia kuondoka. Nitatafuta idadi ya walimu ambayo halmashauri imeahidi kuomba na kuwabakiza, na kiasi ambacho bajeti yake ya ujenzi haitashuka chini yake. Nitatafuta fedha ya familia inatoka lini, kabla au baada ya ya halmashauri. Kisha nitatafuta kifungu ambacho Loachapoka hawakukipata: kwamba ardhi iliyotolewa na wanakijiji na jengo waliloshiriki kulijenga havitauzwa, kukodishwa wala kubadilishwa matumizi bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali, na kwamba nakala ya hati hiyo inakaa ofisi ya kijiji, si wilayani pekee. Kama kifungu hicho hakimo, nitaomba mwenyekiti asisaini siku hiyo, hata kama mahema yameshafungwa na mgeni rasmi yuko njiani.